Koti Lililovuliwa Nyuma ya Ghala

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma chochote ninachokipata kuhusu watu waliofundisha maigizo. Sikusoma shuleni zaidi ya darasa la nne, kwa hiyo nasoma polepole, na kitabu nikikimaliza nakirudia. Jambo moja nimelikuta karibu kila mahali: ni wachache sana walioanza maisha wakitaka kufundisha maigizo. Mmoja alikuwa askari, mwingine muuguzi, mwingine mhubiri aliyekosana na kanisa lake. Kila mmoja aliingia darasani akiwa na mazoea ya kazi yake ya kwanza mwilini. Vitabu huyasifu mazoea hayo. Havielezi kinachotokea yanapogongana. Mimi niliyaona yakigongana mara moja, uani kwetu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Katika miaka ya sitini, baada ya Uhuru, nilikuwa fundi cherehani Busia. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu, aliyeniuzia uzi na kunielekezea wateja. Malaba, karibu na reli, kulikuwa na stoo ya pamba iliyoachwa tupu. Kamati ya watu wa makanisa iliikodi ikaigeuza kuwa shule ndogo ya maigizo. Vijana walifundishwa humo jioni na Jumamosi, kisha wakatumwa masokoni, Amukura, Funyula, Butula, kuigiza michezo ya kuwahimiza watu wachimbe vyoo, wachemshe maji, wanyunyizie pamba dawa. Watu walikuja kucheka, wakaenda nyumbani wakibishana kuhusu vyoo.

Walimu walikuwa watatu. Mkuu wao alipigana Burma, na huko akawekwa katika kikundi cha kuwachekesha askari wenzake. Kila mchezo aliofundisha ulikuwa na gwaride ndani yake, hata ule wa kuchemsha maji. Wa pili alikuwa mwalimu wa kwaya, na hakujali mtu anafanya nini na mikono yake mradi sauti ifike nyuma. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo. Huyo ndiye habari yangu.

Nilimfahamu kwa sababu ya mavazi. Nguo za michezo zilishonwa kwangu, na yeye ndiye aliyewaleta vijana kupimwa. Nilipokuwa nikiwapima mmoja mmoja alikaa kwenye kigoda akanisimulia alikotoka, kipande leo, kipande siku nyingine. Hapa nimevipanga kwa utaratibu.

Alizaliwa vilimani Samia, juu ya Funyula. Bibi yake alikuwa mwigaji wa wafu, naye akairithi kazi hiyo akiwa msichana. Huenda msomaji wa mbali haijui, kwa hiyo nitaieleza. Kwetu mtu mzima akifa, baada ya maziko hutafutwa mtu wa kumwiga. Mwigaji huvaa nguo za marehemu juu ya zake, akatembea kama yeye, akasalimu kama yeye, akawatania wale aliozoea kuwatania, akaulizia chakula alichokipenda. Watu hucheka na kulia kwa pamoja. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwigaji husimama mbele ya mama au mjane akazivua zile nguo moja moja, akazikunja, akamkabidhi. Halafu hutaja ukoo wake mwenyewe: mimi ni binti wa watu fulani, mwenye nguo hizi amekwenda. Hapo watu huweza kutawanyika. Aliyefiwa amemwona mtu wake akija, na amemwona akiondoka.

Mwalimu huyu aliolewa upande wa Tororo, akaachika kwa kukosa mtoto, akapata kazi ya yaya katika nyumba ya ofisa mmoja Mzungu. Mke wa ofisa aliongoza michezo ya kuigiza katika klabu yao, na yaya wake akawa mvishaji wa waigizaji. Alisimama nyuma ya pazia miaka kadhaa akiwa na pini mdomoni. Alijifunza mengi kwa yule mama, lakini moja lilimkaa kuliko mengine. Bwana mmoja mnene aliyeigiza mfalme alizidiwa na joto akavua joho kabla pazia halijafungwa. Yule mama hakumpa nafasi tena. Vazi huvuliwa nyuma ya pazia. Watazamaji wakikuona ukilivua, yote waliyoyaamini yanageuka uongo. Baadaye mama huyo alimwombea mafunzo mafupi Kampala, na Wazungu wa klabu walipoanza kurudi kwao, kamati ya Malaba ikamwajiri. Makanisa hayakupenda mambo ya kuiga wafu, kwa hiyo aliyaacha.

Sheria ya klabu aliifundisha kila mwanzo wa muhula. Nimemsikia mwenyewe, sokoni Amukura, akimkemea msichana aliyefungua kilemba mchezo ulipokwisha, watu wakiwa bado wamesimama pale.

"Ukitaka kuvua, nenda nyuma ya lori," alimwambia. "Hapa wewe bado ni bibi kizee."

Mdogo wangu alijiunga na shule hiyo. Alikuwa amepewa jina la babake Mama, kwa hiyo Mama hakumwita kwa jina lake, alimwita baba. Baba yetu mwenyewe alikuwa amefariki zamani. Mdogo wangu hakuwa kijana wa sura, lakini ukishamwona hukumsahau. Mguu wake wa kushoto ulitupwa nje kidogo kwa sababu ya funza waliomla utotoni. Akicheka alifunika mdomo, maana jino la mbele lilikuwa limevunjika. Kabla ya kuingia nyumba yoyote, hata kwetu, aliupiga mwimo wa mlango kwa kiganja.

Siku moja barazani alikuwa akiniigia yule mzee mwenye duka anavyopima kitambaa, anavyokivuta kikazidi urefu na huku akimsifu mteja kwa watoto wake wazuri. Nilikuwa nacheka nikaacha ghafla, kwa sababu mzee alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Endelea, bwana," mzee akasema. "Na jioni ufunge duka, uende nyumbani kwangu ukagombane na mke wangu. Mimi nitapumzika."

Mwalimu alimpenda kwa namna alivyoweza kumpenda mwanafunzi, yaani kwa kumsumbua. Aliniambia kwamba huyu ukimwagiza aige mbuzi, kesho unamkuta amefungwa kamba. Alimtazama sana. Ndivyo alivyofundisha: mwanafunzi atazame watu, naye amtazame mwanafunzi.

Kisha mdogo wangu akapata kazi Jinja, katika kiwanda cha nguo. Kuvuka mpaka siku zile halikuwa jambo la kumsumbua mtu. Nilimshonea koti la kijivu la kwendea kazini, la kitambaa kizito, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani Butula amelivaa. Mama alimpikia, akamsindikiza hadi barabarani, akamfungia karanga za njiani. Mara ya mwisho kulikuwa na joto kali, akaliacha koti msumarini.

Habari ililetwa na mwenzake wa kiwandani. Alifika barazani kwangu Busia, akavua kofia kabla ya kusema lolote, nami nikajua. Jumapili walikuwa wamekwenda kuvua samaki Naili kwa mtumbwi wa kukodi. Mtumbwi ulipinduka. Wengine walijua kuogelea. Yeye alikuwa mtoto wa mashamba ya Butula, na maji ya kwetu humfika mtu magotini. Walimtafuta, wavuvi wakasaidia, mto haukumtoa.

Pasipo mwili, kwetu huzikwa shina la mgomba. Shina lilikatwa, likafungwa shuka, likashushwa kaburini, na mhubiri akasoma. Mama alitazama yote hayo kama mtu anayetazama kazi ya jirani. Hakulia. Aliwauliza wachimbaji kama wamekula.

Shangazi yetu, dada ya baba, ndiye aliyeongoza msiba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na alikuwa na wasiwasi. Aliniita kando ya jiko.

"Kaburi lile halina mtu," alisema. "Mama yako atamwona wapi akiondoka? Nenda ukamlete yule mwalimu wa Samia."

Nilikwenda Malaba kwa baiskeli kupitia Amukura. Mwalimu alinipokea kwenye mlango wa stoo na chaki mkononi. Alikuwa ameshasikia. Nilipomweleza nilichotumwa, alisema kwanza kwamba mambo hayo aliyaacha, na kwamba kamati haitamwelewa. Kisha akaniuliza kama kuna nguo iliyobaki. Nikamwambia kuna koti. Akarudi ndani, akawaambia wanafunzi waende nyumbani, akafunga mlango.

Aliiga asubuhi iliyofuata, jua likiwa tayari limepanda. Wafiwa walikuwa wamekaa uani, Mama kwenye mkeka mbele ya wote. Mwalimu alivalia nyumbani kwa jirani. Tulisikia kiganja kikipiga nguzo ya lango, na mbwa wetu akainuka akitikisa mkia.

Nimejaribu mara nyingi kuandika alichofanya, na mara zote nimekifuta. Nitasema tu kile ambacho macho ya mtu yeyote yangekiona. Aliingia kwa ule mguu wa kushoto. Alimsalimu mjomba na kumuuliza kama bado anajificha kanisani siku za kupalilia. Alimwambia Shangazi apunguze kuvuta kiko, atakuja kuwasha nyumba. Alikuja akasimama mbele yangu, akashika ukosi wa shati langu na kuniambia mshono umepinda, jambo aliloniambia mdogo wangu kila alipokuja. Watu walicheka kwa sauti, na machozi yalikuwa yakiwatoka. Kisha akachuchumaa mbele ya Mama.

"Mama, ugali wako leo umeungua tena?"

"Haujaungua," Mama akasema. "Kuni ndizo mbichi."

Mwalimu akacheka, akafunika mdomo. Mama alinyoosha mkono akalishika lile koti kwenye kiwiko, akalia kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Shangazi alinitazama akaitikia kwa kichwa, kwa shukrani. Mwalimu alimwacha Mama alie ashibe. Sote tulijua kinachofuata.

Kisha akasimama. "Mama, narudi kazini," akasema, sawasawa na ilivyokuwa kila mwisho wa mwezi. Akageuka, akatoka langoni, akashika njia kati ya migomba kwa ule mwendo, mpaka akapotea.

Nadhani tulifikiri ni namna ya Samia, kwamba atarudi aje avue. Mama alifuta macho kwa ncha ya leso. Uso wake ulikuwa umetulia, na sikuelewa kwa nini utulivu ule ulinitisha. Baadaye kidogo mwalimu akaja kwa njia ya nyuma, akiwa na gauni lake la kila siku na koti amelikunja mkononi. Shangazi aliinuka haraka akamzuia kabla hajafika uani, nami nikawafuata.

"Umevulia wapi?" Shangazi akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nyuma ya ghala la jirani," mwalimu akajibu.

Alijibu kwa wepesi, kama mtu aliyeulizwa alikonawa mikono. Kisha nikaona akilitazama lile koti mkononi kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeliweka. Akakaa chini pale pale kwenye majani. Miaka yote ile alikuwa amewafundisha vijana kuvua mahali pasipoonekana, na mwili wake ulimpeleka nyuma ya ghala bila kumuuliza.

Shangazi hakumfokea. Alimwambia tu kwamba koti haliwezi kurudi nyumbani likiwa tupu, mama wa marehemu akaliona, na kwamba msiba mmoja hauna waigaji wawili wala hauigwi mara mbili. Mwalimu akaondoka nalo kurudi Malaba. Tuliporudi uani Mama hakuwa mkekani. Alikuwa jikoni, anasugua sahani ya mdogo wangu kwa majivu.

Sitaki mtu adhani Mama alirukwa na akili. Alipalilia kwa wakati, alijua kuku wake, alikwenda kanisani na kuimba tenzi zote bila kukosea. Kwa jambo moja tu hakuwa nasi. Mwisho wa mwezi alipika zaidi na kuiacha ile sahani imefunikwa. Wanawake wa kanisani walipomwombea faraja aliitikia amina kwa adabu, kisha akawaambia kwamba kijana wake yuko Jinja, kazi ni nyingi. Siku za soko alikuja Busia akaketi barazani kwangu, akitazama mabasi ya kutoka ng'ambo. Mzee mwenye duka alimletea chai na hakumuuliza kitu.

Shangazi ndiye aliyevunja neno lake mwenyewe. Alisema heri kuvunja mila kuliko kumtazama wifi yake akisubiri hivyo. Nikaenda Malaba tena. Mwalimu hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa amekonda. Aliniambia kwamba ameacha kuifundisha ile sheria, na ya kinyume chake hawezi kuifundisha, kwa hiyo siku ya kwanza ya muhula amewapa wanafunzi mazoezi ya kupumua tu.

Alikuja mchana, siku ya mawingu na upepo. Tulikubaliana kila hatua njiani: ataingia, ataketi, hatatania mtu, atavua mbele ya Mama, atataja ukoo wake, atamkabidhi. Nyumbani tulikuwa sisi wanne tu, Mama, Shangazi, mwalimu na mimi.

Akaupiga mwimo wa mlango. Mama aliinuka upesi kuliko nilivyomwona akiinuka kwa muda mrefu. Alimketisha, akamwekea chakula mbele yake, akamlaumu kwa kukawia. Mwalimu hakugusa chakula. Alisimama katikati ya chumba, akamtazama Mama usoni, akaanza kufungua vifungo. Alifungua cha juu. Alifungua cha pili. Nilimwona Shangazi amefumba macho.

"Usivue, baba," Mama akasema. "Kuna baridi."

Akamkaribia, akakifunga kifungo cha pili, akafunga na cha juu, akaupapasa ukosi ukalala. Mwalimu alisimama na mikono yake imening'inia. Nilijua anatafuta yale maneno, mimi ni binti wa watu fulani. Alikuwa ameyasema tangu usichana wake mbele ya akina mama wengi. Nilitaka ayaseme. Nilitaka pia asiyaseme. Mama alikuwa bado ameshika ukosi, akimtazama kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine tangu wakati huo.

Mwalimu akaketi, akala. Alikula chakula chote, kwa mkono wa mdogo wangu, kwa namna yake ya kufinyanga matonge madogo. Alipomaliza akasema anarudi kazini. Mama alimfungia karanga katika kitambaa, akamsindikiza hadi barabarani, nami nikawafuata nyuma. Basi lilipokuja Mama hakulia. Alisimama mpaka vumbi likatulia, kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za kila siku, kwamba ndugu yangu amekonda, huko Jinja hawamlishi vizuri.

Muhula uliofuata mwalimu hakurudi shuleni. Kamati ilipata mwingine, kijana aliyekuwa karani wa posta, na nilimshonea mavazi yake kama kawaida. Yule mwalimu wetu, nilisikia, alirudi kwao Samia akawa anauza samaki wakavu. Kabla ya kuondoka aliniletea koti barazani, limefungwa gazetini. Aliliweka juu ya meza ya cherehani, akaniambia neno moja tu, pole, akaenda zake.

Nilikaa na koti lile siku nyingi nisijue la kulifanya. Nyumbani halingeweza kwenda, maana Mama alijua liko mwilini mwa mtoto wake. Kulichoma sikuweza. Kumpa mtu alivae nilihofia, Busia ni ndogo na Mama alikuja kila soko. Mwishowe nikachukua wembe nikalifumua mshono kwa mshono, mishono yangu mwenyewe, nikakigeuza kitambaa upande wa ndani ukawa nje, ambako rangi ilikuwa bado mpya, nikaanza kukata kaptura za watoto wa shule.

Mama alinikuta kwenye kazi hiyo siku ya soko. Aliketi mahali pake, akatua kikapu, akatazama mabasi kidogo. Kisha akanyoosha mkono akashika kipande kilichokuwa kikining'inia mezani, akakisugua kati ya vidole.

"Hiki ni kizuri, kizito," akasema. "Kikibaki chochote, mwekee ndugu yako."

Nikamwambia nitamwekea.